Gumboot Yenye Kiraka

Fundi Oti huamini karibu kila kitu ukimnunulia chai, lakini nilipomsimulia hii, alicheka mpaka akaweka spana chini. Kwa hivyo na wewe ukicheka sitanuna. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, sijalewa, nimelala vizuri, na ule mguu niliuona kwa macho yangu haya mawili.

Unazijua zile pikipiki za kitambo, taa ya mviringo, tangi zito la chuma? Yangu ni ya aina hiyo. Niliinunua kwa Mama Ciku, mjane wa Makongeni, hapo Thika. Mumewe alikuwa mtu wa boda, akafariki, pikipiki ikabaki kando ya bafu ikinyeshewa. Sikuuliza alikufa vipi. Mtu anakumiminia chai huku macho yamejaa machozi, utaanzaje kumhoji?

Pikipiki yenyewe ilikuwa na ugonjwa mmoja. Asubuhi za baridi, hasa Julai, ilikuwa inazima tu njiani, halafu ukifinya stata, kimya. Husikii hata ile tik ndogo. Ile taa ya kijani ya neutral haiwaki, honi imekufa, kiki unapiga mpaka paja linauma. Jua likipanda kidogo inawaka, kama mtu aliyekuwa amenuna halafu akasahau kwa nini.

Fundi Oti, ambaye kibanda chake kiko Kimbo karibu na steji yetu, aliishughulikia kwa moyo. Alipima betri, iko sawa. Akabadilisha fyuzi. Akafungua ule waya mweusi unaoshika kwa fremu, akaukwangua kutu, akaufunga tena. Akaweka plagi mpya na tukaona cheche ya buluu. Mwishowe akapangusa mikono.

"Bro, pikipiki ni mzima. Mgonjwa ni wewe."

Ningevumilia hivyo hivyo, lakini kazi ikatokea. Kampuni fulani ndogo ya mikate huko Thika ilitafuta vijana wa kupeleka mikate kwa vioski. Mimi ni mtu wa ndoto, cucu yangu, yaani nyanya yangu, hunicheka kila siku. Kabla hata sijaitwa nilikuwa nimeshaijaza Ruiru yote pikipiki zangu, na cucu nimemhamishia nyumba isiyovuja. Msimamizi, mama mmoja asiye na maneno mengi, alinieleza kwa simu: "Uwe hapa Jumatatu kabla geti halijafungwa. Iwake kwa stata, mimi nikiona. Kama ni ya kupigwa kiki kwa kila kioski, ama kusukumwa na marafiki, kaa nayo huko Kimbo."

Jumatatu nikaamka, nikafungua mlango, ukungu. Ukungu ule wa Julai unaoingia mpaka kwa soksi. Nikaomba, nikafinya stata, ikawaka, nikaondoka mbio. Nilishika barabara ya ndani, ile ya mashamba ya kahawa, kwa sababu haina magari mengi. Nikawa naimba, niamini, naimba kabisa. Ikazima katikati ya kahawa.

Sasa fikiria mimi pale. Pande zote nyeupe, kahawa inadondosha maji, na huko Thika geti linangojea kufungwa. Nikatoa kiti. Nikabonyeza fyuzi, nikatikisa vichwa vya betri, nikavuta waya mweusi. Nikapiga kiki. Nikarudi kwa betri, nikaipuliza, sijui nilidhani itasikia joto. Nikaenda mbele hatua kadhaa kutafuta mtandao, nikarudi, nikapiga kiki tena. Kuna boda mmoja alipita. Nilimwinulia mkono, akaongeza mafuta akapotea. Sikumlaumu. Kuna wezi hujifanya wameharibikiwa ili usimame.

"Kijana, hiyo betri unaitengeneza ama unaibembeleza?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mtu mwenye koti la mvua na helmeti, kioo chake kimejaa ukungu, ameketi juu ya kitu nilichodhani ni pikipiki.

"Mzee, hata yenyewe imechoka na mimi," nikamjibu. "Na nina kazi Thika."

"Rudisha kiti, halafu panda. Nitakusukuma."

Kama hujawahi kuendesha boda, hebu nikueleze. Pikipiki ikikufa, mwenzako hukaa nyuma yako na yake, anaweka mguu mmoja pale abiria huwekelea mguu, halafu anakusukuma hivyo huku mnaenda wote wawili. Kazi yako ni kushika usukani na kuangalia mbele. Hutazami nyuma. Ukigeuka, usukani unayumba, mnaanguka nyote.

Basi nikapanda, pikipiki ikaanza kwenda. Nikafurahi jinsi tulivyokuwa tunakimbia. Halafu kuna kitu kikaanza kunisumbua, na ikachukua muda kukijua. Pikipiki inayokusukuma hunguruma sikioni kama inakutukana. Mimi nilisikia matairi yangu peke yake yakikanyaga tope. Nyuma yangu hakukuwa na injini.

Nikaangalia vioo, vimejaa ukungu. Nikashusha macho tu, shingo sikugeuza. Upande wa kushoto, pale pa abiria, kulikuwa na gumboot ya kijani, na juu ya kidole gumba kiraka cheusi cha tyubu. Baridi ilikuwa inapanda kutoka pale mpaka kwa kiti.

"Umeangalia betri," ile sauti ikasema, sasa iko karibu na kisogo changu. "Fyuzi. Waya wa fremu."

"Ndiyo, mzee."

"Na pale mwenyewe alificha, umeangalia?"

Swichi ya siri! Watu wengi wa boda huweka, waya unakatwa na kupitishwa kwa swichi ndogo iliyofichwa, ili mwizi akiiba pikipiki isiwake. Mimi na Oti tulikuwa tumetafuta ugonjwa kila mahali, na hatukuwahi kufikiria marehemu alikuwa na siri yake.

"Chini ya tangi, kushoto, nyuma ya mpira. Ichezeshe. Halafu uifunge vizuri, maji huingia hapo."

Nikaingiza vidole. Kitu kidogo, kina kutu. Nikakichezesha, tik, na ile taa ya kijani ikawaka mbele yangu. Nikafinya stata. Injini ikashika. Na ile sauti ikasema polepole, bila hasira:

"Mimi hakuna aliyenisukuma."

Mguu ukaondoka. Nilisikia pikipiki imekuwa nyepesi ghafla. Nikafunga breki, nikageuka. Weupe tu. Kwa tope kulikuwa na alama ya matairi yangu, basi.

Nilifika Thika geti likivutwa. Msimamizi alinitazama nilivyotapakaa tope, akasema washa. Ikawaka. Zima, washa. Ikawaka. Akanionyesha kreti za mikate kwa kidevu, na hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi.

Jioni nilipitia Makongeni kwa Mama Ciku. Nilijaribu kusimulia kwa upole, lakini nilipofika kwa gumboot aliweka kikombe chini.

"Ilikuwa na kiraka?"

"Ndiyo, mama. Juu ya kidole gumba."

Akaingia ndani, akarudi na gumboot moja ya kijani, ya kulia, haina kiraka. "Waliniletea hii peke yake," akasema. "Ile ingine haikuonekana." Akanieleza kwamba mumewe alizimikiwa pale pale kwa barabara ya kahawa, kwa ukungu. Alikuwa anaikokota pikipiki peke yake, haina hata taa, akiwainulia wenzake mkono wakimpita. Kisha lori likaja.

"Na ile swichi?" nikamuuliza.

"Hakuwahi kuniambia iko wapi." Akatabasamu kidogo, machozi yakishuka. "Alisema mimi nitaambia majirani."

Swichi niliibadilisha, nikaizungushia tyubu. Tangu siku hiyo stata haijanisumbua hata mara moja. Lakini ile pedali ya abiria ya kuwekelea mguu, ya kushoto, naikunja kila jioni, na asubuhi ya ukungu naipata imekunjuliwa. Cucu alileta akina mama wa kanisa wakaiombea. Bado. Nimeacha kuikunja.

Kwa hivyo wewe unayepita ile barabara ya kahawa, ukiona mwenzako ameinua mkono, simama. Najua kuna wezi. Simama kwa mbali, muulize jina, lakini simama. Mimi husimama kila mara, hata mikate ikichelewa. Ukikwama wewe, na mtu akuambie panda akusukume, panda, uangalie mbele. Na leo ukifika nyumbani, mwonyeshe mtu wako mahali umeficha swichi.