Tawi la Msiba

Mwalimu Zabron alifundisha jiografia huko Liuli mpaka chaki ikamkausha vidole, na miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumwuliza maoni yake juu ya jambo lolote. Vyama vilipokuwa vingi na magazeti ya watu binafsi yakaanza kufika Mbamba Bay, mstaafu huyu aliandika makala kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa. Ikachapishwa! Alitembea kijijini kifua mbele kama jogoo mgeni. Haikupita muda akaalikwa Mbinga, kwenye kongamano la usalama wa ziwa, akae meza moja na wataalamu kutoka Dar es Salaam.

Mkewe Eliza alimpigia pasi shati. Eliza ni mzaliwa wa Likoma, kisiwa cha Malawi, na mama yake mzazi alikuwa bado huko, mzee sana.

“Baba Steven,” alimwambia, “useme ya ramani. Ya nyumbani uyaache nyumbani.”

Zabron akacheka. Mwanamke atamfundisha yeye mpaka?

Kule ukumbini profesa wa sheria alizungumza mpaka watu wakasinzia. Zamu ya Zabron ilipofika, ramani zake nazo hazikumwamsha mtu. Akaona aibu inamnyemelea. Basi, ili kuonyesha kwamba watu wa mwambao wamelitumia ziwa kama ua wa nyumba yao tangu kabla ya Mjerumani, akaeleza habari ya tawi. Mtu akifiwa, alisema, boti inayofuata ndugu huchomekwa tawi bichi mbele. Ikifika pwani yoyote, haiulizwi itokako wala iendako. Hata askari huvua kofia.

Ukumbi ukaamka, makofi yakapigwa. Mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, akainua mkono.

“Kwa hiyo, Mwalimu, chombo chenye tawi hakikaguliwi?”

“Hakikaguliwi, Mzee. Wala hakijawahi.”

“Vita vya Msumbiji vimeisha juzi tu. Bunduki bado zimezagaa. Muuza bunduki naye hawezi kukata tawi?”

Zabron alikunja ramani zake. Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomwuma zaidi. Aliketi, na chakula cha mchana hakukingoja.

Aliteremka milima juu ya gunia la mahindi, ndani ya lori, akijipangia maneno. Eliza alipomwuliza alisema nini, alijibu, “Ya ramani.” Uongo ni kama kokwa la embe, ukishalimeza halishuki wala halipandi.

Tangu hapo hakuwa na raha. Ngurumo ya injini ziwani ilimfanya asimame na kijiko mkononi. Mara likaja tangazo pwani: kila chombo kikaguliwe, hata chenye tawi, na abiria wasiondoke bila ruhusa ya mkubwa wa polisi wa Mbamba Bay. Watu walinung'unika wakiulizana ni nani aliyewatobolea siri wakubwa. Zabron aliungana nao kunung'unika, tena kwa sauti. Kisha habari ikafika kwamba mama mkwe haamki kitandani. Zabron aliomba kila siku kanisani yule bibi apone, na hakuwa na hakika anamwombea bibi au anajiombea mwenyewe.

Boti ilionekana asubuhi moja, ziwa likiwa limetulia. Mbele yake palikuwa na tawi. Eliza aliliona akiwa anaosha vyombo, na kilio chake kilimkata Zabron maini. Kaka yake Eliza, Bartholomayo, alishuka majini akiwa na nguo zile zile alizolala nazo.

“Mama anazikwa kesho asubuhi. Funga kanga zako, dada, tuondoke sasa hivi kabla mwera haujaamka.”

Lakini askari alikuwa ameshafika. Alipekua boti, hakuona kitu ila dumu la mafuta na mkate. Hata hivyo, alisema, lazima mkubwa aje. Jua likapanda. Mkubwa hakuja. Ule upepo wa kusini ulianza kuchapa, mawimbi yakapata meno, na Bartholomayo akawa anatazama maji. Zabron hakuweza kuvumilia tena. Alimvuta askari pembeni, ingawa hakumvuta mbali vya kutosha.

“Mwanangu, waache waende. Mimi ndiye Mwalimu Zabron niliyezungumza kule Mbinga.”

“Shikamoo, Mwalimu. Nakujua.” Kijana aliinamisha kichwa, hakuwa na jeuri yoyote. “Ndiyo maana siwezi. Tulipopewa amri hii, tulisomewa maneno yako wewe.”

Nyuma yake kilio kilikatika. Zabron aligeuka na kumwona mkewe amesimama, furushi la kanga chini ya kwapa. Wakati huo mawimbi yalikuwa yanavuka juu ya boti, na hakuna ruhusa ambayo ingewavusha tena siku ile.

Eliza alitembea mpaka kwenye boti, akalichomoa tawi, akarudi nalo likichuruzika maji. Akamwekea mumewe mikononi.

“Kawapelekee na hili, Baba Steven,” alisema. “Huku halina kazi tena.”