Dada yangu fundi cherehani ndiye aliyenipangia mouse na keyboard za gemu la anga

Habari za mchana wakuu.

Kuna jamaa humu aliuliza namna ya kurusha chombo cha anga kwa mouse na keyboard, bila joystick, ile fimbo ya kuongozea. Nilimuahidi jibu. Limekuwa refu kwa sababu si la kwangu peke yangu. Chumvi sitatia, maana mke wangu naye ni member humu na nikidanganya atanisahihisha hapahapa.

Mimi ni fundi kompyuta, nipo Lindi mjini.

Gemu lenyewe ni la kuendesha chombo kati ya sayari. Unabeba mizigo, unapeleka chombo kwenye kituo kinachoelea angani, unaingia kwenye mlango wake taratibu, unakifunga humo. Nililipenda toka siku ya kwanza. Shida ilikuwa kuliendesha.

Kwa ambao hawajawahi: gari lina mbele, nyuma, kushoto na kulia, basi. Chombo cha anga kina hayo yote, halafu kinapanda, kinashuka, kinainua pua, kinabiringika kwa ubavu. Na breki hakuna. Ukiachia kitufe cha mwendo kinaendelea kwenda vilevile mpaka ukisukume kinyume.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na vitufe kama tisa vya kusimamia. Vidole vinapishana, vinagongana. Wiki mbili nzima niligonga kila kituo nilichokaribia.

Sasa niwatambulishe dada yangu.

Anaitwa Somoe. Ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na mbili, anaishi Mchinga, anashona. Sekondari nimesoma kwa suruali alizonishonea yeye.

Mwaka huu wakati wa mvua aliteleza uani akaangukia mkono wa kulia. Ukavunjika kwenye kifundo. Akafungwa plasta ngumu ya POP; ilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga vizuri, ila vidole vilikuwa havikunji. Akaja kukaa kwetu ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya mazoezi.

Dada wa mazoezi kule hospitali alimpa mpira laini, awe anaufinya mara nyingi kwa siku. Somoe akauweka dirishani, ukakaa hukohuko. Maumivu yalikuwepo, lakini kubwa ilikuwa hofu. Aliniambia siku moja, "Nikiufinya najua mkono umeisha kiasi gani. Bora nisijue."

Cherehani yake ya miguu alikuja nayo. Ilikaa sebuleni, imefunikwa kitenge.

Wiki ya tatu akatuambia anaiuza, ameshampigia fundi cherehani mmoja wa Rutamba. Jumamosi ya wiki inayofuata anakuja kuichukua.

Hapo niliharibu, wakuu. Nikaanza kumsema. Kwa nini hufanyi mazoezi, unajionea huruma, na mengine. Nikaongea kama mimi ndiye niliyemlea.  

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya chakula cha mchana nikawasha gemu nipoze mawazo. Dada alikuwa kwenye kochi nyuma yangu. Nikakifuata kituo, nikagonga. Nikarudia, nikagonga tena.

"Hamisi," akasema, "kinachokuchanganya ni kile kitufe cha mwendo?"

"Ndiyo dada. Nakibonyeza, na hapohapo natakiwa nibonyeze cha kubiringika na cha kushuka."

"Mwendo haukai mkononi. Mkono unaongoza, mguu ndio unatoa mwendo. Ungeshona hivyo ungejishona vidole."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, nikaiangalia cherehani.

Wanaopenda ufundi wasogee hapa. Ndani ya kila keyboard kuna kibao kidogo chenye vijimistari vya shaba pembeni. Ukigusanisha viwili vinavyohusika, kompyuta inaamini umebonyeza herufi fulani. Nilikuwa na keyboard mbovu ya dukani, vitufe vimekufa lakini kibao kizima. Nikakitoa, nikakichomeka USB, nikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, nikawa nagusanisha kwa waya mpaka nikapata W na S. W ni mbele, S ni nyuma.

Nikaunga nyaya hizo kwenye vibonyezo viwili vya kengele ya mlango.

Kisha nikamuomba dada ruhusa ya kutumia cherehani. Akasema, "Hiyo ni ya mtu wa Rutamba. Usiitoboe."

Sikuitoboa. Nilitoa mkanda ili gurudumu lisizunguke, nikaweka kibonyezo kimoja chini ya pedali upande wa vidole vya mguu, kingine upande wa kisigino. Ukikanyaga kwa vidole, chombo kinakwenda mbele. Ukikanyaga kwa kisigino, kinasukumwa nyuma. Kompyuta na keyboard yangu nzima nikaviweka juu ya meza ya cherehani, mouse kando yake.

Nikakaa nijaribu. Mguu wangu ulikuwa kituko. Nakanyaga kama naua mende.

"Toka," dada akasema.

Akakaa yeye. Mguu wake ulijua kazi papo hapo: kidogo mbele, kidogo nyuma, chombo kikatulia kama kimeegeshwa. Tatizo likahamia kwenye mouse. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka na pua ya chombo inaruka huku na huku.

Ndipo tukafungua settings, na hapa ndipo penye jibu la yule jamaa aliyeuliza.

Sensitivity, yaani wepesi wa mouse, tuliishusha nusu, tukaishusha tena, mpaka mouse ikawa nzito kama inasukuma kitu. Halafu kuna ile dead zone, eneo la katikati ambalo mouse ikicheza kidogo chombo hakijali. Tuliipanua, mtetemo wa vidole ukamezwa hukohuko. Kugeuza pua tukaiachia mouse. Kubiringika tukakuhamishia kwenye A na D, mkono wa kushoto. Gemu lilikuja na mpangilio wa kwamba ukivuta mouse kwako pua inapanda, kama kwenye ndege. Dada akaukataa. Akasema kitu akikisukuma juu anataka kiende juu. Nikaugeuza.

Kupanda na kushuka kwa chombo kizima tukaweka kwenye kigurudumu cha mouse, kwa sababu hakukuwa na kidole kingine kilichobaki huru.

Baada ya kama saa moja mke wangu Asha alinigusa bega, akanionyesha kwa macho. Kidole cha shahada cha dada kilikuwa juu ya kile kigurudumu. Kinakunja. Kinanyooka. Kinakunja.

 Asha alikwenda jikoni, nikamsikia anapenga kamasi.

Wiki ile kila siku akishaswali adhuhuri anakaa kwenye chombo. Nami ikabidi nicheze kwa zamu kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Alhamisi alipokwenda hospitali, dada wa mazoezi akampima vidole, akapima tena, akamuuliza anautumiaje ule mpira. Somoe akamjibu, "Situmii mpira. Nabeba mizigo." Ilibidi mimi nielezee.

Jumamosi saa nne asubuhi fundi wa Rutamba akabisha hodi. Mtu mzima, mpole, amekuja na jirani yake na guta la injini la kubebea mzigo.

Nilimwamkia, nikamkaribisha ndani. Akakuta cherehani aliyoifuata ina nyaya miguuni, kompyuta juu yake, na mwenyewe amekaa.

"Karibu fundi," dada akasema bila kugeuka. "Subiri kidogo, nafunga."

Alikuwa mita chache kutoka mlango wa kituo. Kituo kile ambacho mimi sikuwahi kukiingia hata mara moja. Kisigino kidogo. Kidole kwenye kigurudumu. A, A, D. Sote tulikuwa tumesimama. Chombo kikaingia katikati ya mlango, kikashuka, taa za sakafuni zikawaka kijani.

Dada akaweka mikono yote miwili mapajani, akaitazama kwa muda. Kisha akageuka.

"Fundi, nisamehe sana. Nimekusumbua. Cherehani siuzi tena."

Yule mzee akavua kofia, akakuna kichwa. "Nimetoka Rutamba na asubuhi, mama."

"Najua. Kosa langu. Kaa ule, na hela yenu ya mafuta ya kurudi hii hapa kwangu."

Akakaa. Akatazama zile nyaya. Baada ya chai akauliza kama pedali ni ileile ya siku zote au tumeifanya nini. Dada akampisha. Mnaweza kukisia: mguu ulikuwa safi kuliko wangu. Mouse ndiyo ilimshinda, akagonga kituo mara tatu huku anacheka mpaka machozi. Waliondoka saa nane na guta tupu, na alituaga vizuri.

Somoe karudi Mchinga sasa, anashona. Sitawadanganya kwamba mkono umekuwa kama zamani. Dole gumba bado gumu, na kutunga uzi kwenye sindano anasaidiwa. Lakini sare za shule za muhula huu ameshona yeye. Mimi nimejitengenezea pedali ya mbao, na kituo naingia. Si kila siku, ila naingia.

Nilichojifunza: mpangilio unaokuja na gemu umetengenezwa na mtu asiyeujua mwili wako. Ubadilishe bila aibu. Na la pili, ambalo lilinichukua muda kulikubali: wiki tatu dada yangu alikaa kwangu, nikaishia kumwamrisha afanye mazoezi, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza mkono wake unapenda kufanya nini.

Wanaorusha kwa mouse na keyboard, wekeni mipangilio yenu hapa tulinganishe. Na mwenye mgonjwa nyumbani aliyeacha mazoezi, tuambie alikuwa fundi wa nini. Tutafikiri pamoja.