Salamu za Ruangwa

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye mradi mmoja pale Nachingwea, mgeni kutoka Moshi, bado niko kwenye majaribio ya kazi. Seva yetu ya barua pepe ilikuwa ikipeleka barua kwa laini ya simu, na siku hiyo mtandao ukawa unakatika na kurudi. Bosi wangu, Mama Ndunguru, akanionya, "Wafadhili wako Ruangwa wanasubiri ripoti. Isipofika, utawaeleza wewe."

Nikabadilisha modemu, kile kisanduku kinachounganisha seva na laini ya simu, nikapangusa nyaya, nikalaumu upepo. Kila ripoti ilipoanza kwenda nilishindwa kutulia, nikampigia Mzee Chilumba wa ofisi ya Ruangwa kuuliza kama imeingia. Kila nikiinua simu, mlio wake ulinikwaruza sikio kwanza, nikasema ndizo simu za kusini hizi. Na huku huanzi na shida zako, lazima salamu zitangulie: nyumbani, watoto, mikorosho. Nikimaliza, nakuta mtandao umekatika tena.

Mwishowe Mama Ndunguru akaenda mwenyewe kusimama kwenye modemu, chumba cha pili. "Taa zinawaka! Inakwenda!"

Nikainua simu haraka. "Shikamoo mzee. Habari za nyumbani? Mikorosho imetoa maua?"

"Marahaba mwanangu, imetoa..."

"Zimezimika!" bosi akapiga kelele.

Kisha nikasikia viatu vyake vikija polepole. Alikuwa anaufuata waya wa modemu kwa vidole, ukutani, hadi mlangoni, hadi mezani kwangu, hadi kwenye simu niliyoishika.

"Mwanangu," Mzee Chilumba akaniuliza sikioni, "na mtandao wenu leo unasemaje?"