Maji Moto kwa Mama Jerono

Siku yangu ya kwanza kazini Eldoret, Fundi Mkuu alinipa dai, kifaa cha kuchonga thredi kama za skrubu kwenye mdomo wa bomba, akaniambia nizungushe mpaka jasho linitoke. Nilikuwa msichana kutoka upande wa ziwa, na wanaume walingoja kuona nitachoka lini. Sikuchoka. Siku hizo bomba lilikuwa la chuma kilichopakwa zinki, basi, na Fundi Mkuu alikiamini chuma kuliko alivyowaamini watu.

Miaka ilipita nikawa naibu wake. Ndipo tukaitwa kwa Mama Jerono, mwalimu mstaafu, barabara ya kwenda Moi's Bridge. Baridi yetu ilikuwa imemkamata vidole. Asubuhi havikukunjuka mpaka bintiye amkande kwa maji moto. Binti huyo alikuwa amepata kazi Nairobi, na hangeweza kumwacha mamake hivyo. Walikuwa wameweka sola ya kupasha maji juu ya paa, lakini mferejini yalidondoka tu. Nilipokata bomba la zamani ukutani, kutu ilikuwa imelijaza hata penseli isingepita.

Fundi Mkuu alitaka chuma kipya. PVC, plastiki ya kawaida, sote tuliikataa, maana maji moto huilegeza. Mimi nilitaka PPR, plastiki nene ambayo ncha zake huyeyushwa kwa mashine yenye joto kama pasi, kisha zikashikanishwa zingali moto.

"Plastiki kwa maji moto? Achieng', hiyo ni kupikia chai kwenye sufuria ya karatasi," alisema.

Niliunganisha vipande viwili, vikapoa, nikampa pamoja na msumeno. Alipasua kiungo kwa urefu, akatafuta kipande kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia. Akavaa miwani, akakipeleka dirishani. Hapakuwa na mstari. Hata mimi niliyeijua mashine ile, nilisogea kuangalia.

"Hii haijaunganishwa," alisema polepole. "Hii imekuwa kitu moja. Weka nyumba yote."

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza bomba gani ni bora. Huwaambia waulize kwanza ni maji gani yatapita, na nani anayangoja. Katika kazi yangu yote sijaona ajabu kuliko asubuhi ile tulipofungulia maji. Mama Jerono aliweka mikono chini ya mfereji, mvuke ukapanda, akavikunja na kuvikunjua vidole bila kukandwa. Kisha akaikausha mikono, akamgeukia bintiye, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka cha shingoni.

"Sasa enda," akamwambia.