Tochi ya Kazi Saba

Siku ile, kila nilipoomba msaada, watu walinikimbia.

Si maneno ya mafumbo. Nikilia, mbio. Nikigonga, mbio. Nilikuwa nimefungiwa ndani ya kontena la chuma katikati ya soko la Bunia, mchana kweupe, na mkononi nimeshika tochi ambayo nilikuwa bado sijaamua kama nainunua au naiacha.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikirukaruka mtasema natunga.

Mimi nauza samaki wa moshi kutoka Tchomia, kule ziwani. Watu wananiita Mama Chance, kwa jina la binti yangu. Mwaka ule vita ilikuwa imenyamaza, mji umetulia. Umetulia kwa namna yetu: watu wanaoana, wanajenga, wanagombana kwa mpira, lakini kila nyumba ina mfuko mmoja wa kukimbia nao, uliofungwa tayari nyuma ya mlango. Mitaani tulikuwa tumepatana kwamba adui akionekana unapiga sufuria au unapuliza filimbi, jirani naye anapiga yake, mpaka mtaa mzima unajua na mbio inaanza.

Chance alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza ameanza shule. Tulikuwa na mapatano yetu wawili.

"Mbio ikianza, weye usitoke ku masomo," nilikuwa namwambia. "Usifuate mutu. Ata jirani. Mama atakuya."

Mapatano hayo yana sababu. Siku tulipokimbia kijiji chetu, upande wa Kpandroma, Chance alikuwa mgongoni mwangu, bado mdogo. Baba yake, Didier, ambaye yeye anamwita papa, alirudi kufungua mbuzi. Akatuambia, "Mutangulie, niko nakuya."

Hatukumwona tena.

Tangu hapo mtoto yule, ukimwambia unakuja, anakuangalia usoni kama anakupima. Ndiyo maana mbio zote zilizotokea mjini mwetu, za kweli na za uongo, mimi nilikuwa mzazi wa kwanza kwenye geti la shule. Naacha samaki, naacha beseni, nakimbia. Neno langu sikuwahi kulivunja.

Sasa tuje kwenye tochi.

Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu, na Chance alikataa kwenda choo cha nje jioni bila mimi. Mshumaa unazimika na upepo. Tochi za bei ndogo nazo, unanunua Jumatatu, Ijumaa inakuwa mchezo wa watoto. Nikaenda kwa Rémy, kijana aliyegeuza kontena kuukuu kuwa duka, karibu na ninapouzia. Beseni langu nikalifunika, jirani akaliangalia. Simu yangu nilikuwa nimeshaipeleka kwa mtu wa kuchaji, upande wa pili wa soko. Kumbukeni hilo la simu.

"Mama Chance, hii haiko tochi," Rémy aliniambia. "Hii iko nyumba muzima na courant yake, umeme yake. Iko na kazi saba."

Akazitaja. Mwanga wa mbali. Taa ya meza. Taa nyekundu ya kumetameta. Redio. Kuchaji simu. Sumaku ya kuibandika kwenye chuma.

"Hiyo ni sita," nikamwambia.

"Ya saba iko surprise."

"Surprise ya bei gani?"

"Dix dollars. Juu ya weye tu."

Kwa ajili yangu tu. Uso wa Rémy ulikuwa mkavu kabisa, kama mtu anayenisaidia. Kwa dola kumi nanunua mafuta ya taa mpaka Chance anaolewa. Lakini nilikuwa nimeishika tayari, na mkono wangu haukutaka kuiachia.

"Miye sinunue kitu bila kuonja," nikasema.

"Basi ingia mule ndani. Mchana tochi yote iko sawa. Nafunga mulango, unaona mwangaza yake. Miye naenda kutafuta monnaie ya kukurudishia, juu najua utabeba."

"Ata sijasema ndiyo, Rémy."

Alikwisha kusukuma milango, anacheka.

Nikabaki gizani, kule nyuma, kati ya magunia ya mchele na katoni za sabuni. Nikawasha. Jamani. Niliona mpaka maandishi madogo kwenye katoni za mwisho. Niliipenda pale pale, nikaanza kuutengeneza uso wangu ili Rémy asijue nimeipenda.

Nikajaribu vitufe kimoja kimoja. Nyekundu, sawa. Redio, inakoroma tu. Nikafika kile cha mwisho.

Ikalia.

Sauti ilipiga ukuta huu ikarudi ule, masikio yakaziba. Nikahangaika kutafuta pa kuizima, nikabonyeza vyote pamoja, mpaka ikanyamaza yenyewe. Nikacheka peke yangu. Surprise ndiyo hii. Nikasema moyoni, kwa kelele hii lazima anipunguzie.

Nilikuwa bado napanga maneno ya kupatana bei nilipoanza kusikia miguu.

Ilianza kama mvua inavyoanza juu ya mabati: michache, kisha mingi. Meza zikaanguka. Mtu akaita, "Wanakuya, wanakuya." Milango ya maduka ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Nani alikuwa anakuja, hakuna aliyesema. Kwetu huulizi.

Chance.

Niliruka kuelekea mlangoni, nikajikwaa kwenye gunia, nikaanguka kifudifudi. Nikiwa chini nikasikia kadenasi, kufuli la mlango, inafungwa nje. Kla. Kisha miguu ya Rémy, inaondoka pamoja na ya wengine.

"Rémy. Niko ndani. Rémy."

Kwenye makelele yale, hata ningekuwa na sauti ya ng'ombe asingenisikia.

Nikasukuma. Chuma ni chuma.

Baadaye kukawa kimya, na kimya ndicho kilichonimaliza. Jua lilikuwa juu, kontena likaanza kuwa moto kama sufuria. Harufu ya sabuni na plastiki ilinikaba koo. Jasho liliniingia machoni. Simu kwa mtu wa kuchaji. Mimi, mzazi wa kwanza getini, nimefungiwa na mchele.

Niliogopa. Adui sikumwogopa hata kidogo. Nilimwogopa mtoto mmoja anayeangalia wazazi wa wengine wanavyoingia.

Nikamulika kuta zote nikitafuta pa kutokea. Nikaona kipande cha kandambili kimepachikwa ukutani. Nikakivuta, mwanga wa jua ukaingia. Lilikuwa tundu la risasi ya miaka ile ya vita, Rémy alikuwa ameliziba ili mvua isilowanishe mchele. Nikaweka jicho. Nikaona kipande cha njia, nyanya zilizopondwa, na mwanaume mmoja amerudi polepole kuokota mzigo wake.

Nikakumbuka kazi ya saba. Nikasema, kumbe Mungu alinitengenezea.

Nikaelekeza tochi kwenye tundu, nikabonyeza.

Yule mwanaume aliondoka akaacha mzigo na kiatu kimoja.

Nikangoja. Wakapita mama wawili, wanaokota vitunguu vyao. Nikasema hawa siwalilii, hawa nawagongea. Nikachukua jiwe la mizani nikagonga mlango kwa nguvu zangu zote. Walitupa vitunguu wakakimbia huku wanaita watu wengine wakimbie nao.

Nilishangaa. Kisha nikashika kichwa. Chuma kinachogongwa haraka haraka, mtaani kwetu, kinamaanisha nini? Mimi mwenyewe nilikuwemo kwenye mkutano tulipopatana.

Nikaweka antena ya redio kwenye tundu, walau nijue adui amefika wapi. Redio ikashika. Mtangazaji alikuwa anapokea simu za watu.

"Wakaaji wa pembeni ya soko wanasema walisikia sireni upande wa makontena, ndipo mbio ikaanza. Na tena sasa hivi wameisikia mara ya pili. Tunaomba kila mutu abaki kwake."

Nikaiangalia tochi. Nikakaa kwenye gunia.

Hakukuwa na adui. Adui nilikuwa mimi.

Nikacheka, nikalia, nikamtukana Rémy na ukoo wa aliyetengeneza kile kitufe. Nilikuwa nimeifunga Bunia nzima, na nilikuwa nimejifungia nje ya mwanangu. Na kila nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kinasema vita.

Basi nikajiuliza, ni sauti gani hapa kwetu haimkimbizi mtu?

Mnaokaa Bunia mnajua. Sisi hatungoji redio ituambie amani imerudi. Tunachungulia dirishani tunangoja kumwona mama mmoja amefunua beseni lake. Mama akiuza, mji unapumua. Na wajanja wanatoka mapema, maana baada ya mbio kila muuzaji anataka kumaliza arudi kwake, bei inaanguka.

Nikaweka mdomo kwenye tundu. Nikaita kama ninavyoita kila siku, kwa sauti ile ile ya kuvuta.

"Samaki ya Tchomia. Samaki ya moshi, mafuta iko natoka. Muye muone, leo tunamaliza."

Koo lilikuwa limekauka, lakini niliita. Niliita mpaka nikajionea huruma. Halafu nikasikia kandambili zinakuja, taratibu.

"Mama wa samaki, uko wapi?"

"Niko huku, yaya, dada yangu."

"Huku wapi? Naona kontena tu."

"Niko ndani yake."

Akasogea mpaka kwenye tundu. "Na samaki, iko ndani?"

"Samaki hakuna."

"Sasa juu ya nini unaita batu?"

Nikamwomba asikimbie. Nikamweleza nimefungiwa, nina mtoto shuleni, mwenye kontena ametoroka. Alikuwa dada mmoja anaitwa Adeline, katoka na kikapu chake kutafuta vya bei ndogo. Alisikiliza, kisha akauliza polepole:

"Ile sireni, iko mule ndani pamoja na weye?"

"Iko mu mukono yangu. Sitaibonyeza tena. Naapa."

Mungu ambariki, hakukimbia. Namba ya Rémy ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa rangi, akampigia, akaweka simu karibu na tundu.

"Mu kontena yangu hakuna mutu," Rémy alisema. "Mama Chance alifunga mulango, akaenda. Nilikuta imefungwa."

"Weye ndiye ulifunga, Rémy, mbio ikakusahaulisha," nikamwambia mimi mwenyewe. "Kuya na ufunguo."

Alikuja na pikipiki, rangi imemtoka. Alipofungua, hewa ilinipiga nikayumba. Nikamwuliza jambo moja tu.

"Kazi ya saba ni nini?"

"Ata miye sijue, mama. Karatasi yake iko kichina."

Sikuwa na muda wa kumpiga. Nilikimbia, tochi mkononi, viatu sijui niliviacha wapi.

Shuleni hakukuwa na mtu. Uwanja mtupu, madarasa yamefungwa. Getini alikuwa amebaki Madame Valérie, mwalimu wa darasa la kwanza, na Chance. Chance amekumbatia nguzo ya geti kwa mikono yote miwili.

"Nilimwambia twende kwangu tukungoje," mwalimu alisema. "Hakukubali. Nilimvuta, akashika nguzo."

Mtoto hakulia. Aliniangalia usoni, muda mrefu.

"Mama, sikutoka," akasema.

Nilipiga magoti pale mavumbini nikamshika. Mimi ndiye niliyelia.

Tulipofika nyumbani nilitaka hofu imtoke. Nikamweka mapajani, nikamwonyesha tochi, nikamweleza yote. Kwamba hakukuwa na mtu anayekuja. Kwamba ilikuwa mama yake na kitufe. Akaigeuza huku na huku.

"Ni hii tu ilikimbizisha batu yote?"

"Ni hii tu."

Akafikiri. Kisha akaniuliza, uso wake umeanza kufunguka:

"Na ile siku ya papa, ilikuwa pia tochi?"

Wenzangu, swali lile lilinikuta sina pa kukimbilia. Ndani ya kontena kulikuwa na tundu. Hapa hapakuwa nalo. Tangu tulipotoka kijijini, kila alipomwulizia baba yake, nilimjibu neno alilotuachia mwenyewe: anakuja. Niliona ndiyo huruma. Na mtoto wangu alikuwa ameshika nguzo ile miaka yote hiyo, mimi ndiye niliyemwambia aishike.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Siku ile haikuwa tochi. Papa hatakuya."

Alilia mpaka akachoka. Kisha akaniomba nimwashie ule mwanga mweupe, akaenda choo cha nje peke yake, akarudi.

Mnaniuliza kama tochi ile ina thamani ya dola kumi. Nilirudi kwa Rémy, tukabishana nusu ya asubuhi, nikamlipa bei ya kazi sita. Ya saba fundi aliikata waya. Tochi yenyewe iko hapa ukutani, inawaka mpaka leo.

Somo langu si refu. Kitu kipya kijaribu mlango ukiwa wazi, watu wakiona, ili kikilia wajue ni nini kinalia. Na usimwachie mtoto neno "nakuja" kama hutakuja, maana wewe unasahau, yeye anashika nguzo.