Mpiga Picha wa Mgomo

Siku ya tatu ya mgomo wa wafanyabiashara Kariakoo, Waridi, muuza vitenge, alikaa kwenye kizingiti cha duka lake lililofungwa, akimwangalia mpiga picha wa televisheni. Mtangazaji alikuwa mbele na maiki, akiwahoji wenye hasira kuhusu kodi. Mpiga picha alimfuata nyuma, mwembamba, kamera begani, vidole vyake virefu vikizungusha lenzi taratibu kama anayefungua chupa ya dawa. Kila mara aliifuta kwa pindo la shati. Sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi: "Endeleeni tu, mimi sipo." Lakini Waridi aliona kuwa waliokuwa wakiongea hakuhangaika nao sana. Aliwapiga picha waliosimama pembeni kimya, mmoja baada ya mwingine, akituliza kamera kwenye kila uso.

"Kaka, mbona unatupiga picha sisi tusiosema kitu?" Waridi alimuuliza.

"Za kujazia taarifa tu, dada yangu," alijibu, jicho likiwa bado kwenye kamera.

Jioni Waridi aliangalia taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho. Yalionyeshwa makufuli, akaonyeshwa mtangazaji. Wale wa pembeni hakuonekana hata mmoja. Kesho yake mpiga picha alirudi peke yake, akasimama ng'ambo ya barabara akifuta lenzi.

"Bi Waridi! Magomeni hawajambo?"

"Hawajambo," Waridi alijibu kwa mazoea, kisha akashtuka. Hakuwahi kumwambia jina lake, wala anakoishi.