Mkate Alioula Peke Yake

Nakumbuka siku moja, zama za Mwingereza, mume wangu Selemani aliporudi Ruangwa kwa miguu kutoka Nachingwea. Kambi ya karanga ya Wazungu ilikuwa imefungwa, na kazi yake ya kuwapikia na kuwaandalia meza imekwisha. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, mwanangu, na haya zangu zilizidi akili. Kwenye kifurushi chake mlikuwa na mkate na kipande cha jibini, zawadi ya kuagwa.

"Somoe, leo wewe kaa tu. Napika mimi," akasema.

Mwanamume jikoni kwa mkewe! Wifi zangu, waliokuwa wakibangua korosho uani, walicheka hadi machozi. Yeye hakujali. Alikata mkate vipande, akavipanga kwenye sufuria kavu, akalaza jibini juu yake, akafunika na kutia makaa juu ya mfuniko. Jibini ikayeyuka, ikatoa harufu ngeni kwetu. Kando akakata nyanya, kitunguu na tango, akakamulia ndimu. Hiyo ndiyo saladi, alisema. Kisha akatandika kanga yangu juu ya kasha, akaweka sahani mbili na vigoda viwili, pale pale uani.

Nikaelewa anachotaka. Kwetu siku zile mume alikula barazani na wanaume wenzake, mke akala jikoni na wanawake.

"Tangu tuoane nasimama nyuma ya viti vya Wazungu," alisema kwa sauti ya chini, "nawatazama mke na mume wanakula pamoja. Nilikuwa nakuwaza wewe."

"Mwacha mila ni mtumwa!" akadakia wifi mkubwa.

Nikaona haya. Nilichukua sahani yangu, nikaingia nayo jikoni. Kutoka mle nilimwona akila peke yake, polepole, akikitazama kigoda kitupu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, mwanangu.

Wiki ile ile alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Lindi. Nilijiapia kwamba akirudi nitakaa naye, hata Ruangwa nzima icheke. Hakurudi. Homa ilimmaliza huko, na habari tuliletewa na utingo wa lori. Nimeolewa tena, nimezaa, nimezika, lakini uchungu wa mchana ule haujaniisha. Na yule wifi mkubwa, nilipomkumbusha uzeeni, hakukumbuka hata kidogo.

Wewe umeolewa juzi, ndiyo maana nakwambia. Watu kazi yao kusema; wakishasema, kila mmoja hurudi kwake, nawe unabaki na lako. Mila ni nzuri, nami nimezishika, lakini hazikuwekwa ili tuvunjane mioyo. Mwenzio akikuita, itika siku hiyo hiyo. Majuto ni mjukuu, nami wangu nimemlea miaka mingi.

Nenda, mwanangu. Mungu awape umri mrefu wa kukaa pamoja, na asikuonjeshe nilichokionja. Amina.